Mkeka wa Miaka Mia

Mwanakombo alikuwa amefunga mlango, anashona pamoja kipande cha ukili, utepe uliosukwa kwa majani ya ukindu, cha marehemu mama yake na chake mwenyewe. Ilikuwa marufuku. Serikali iliilipa familia yao isuke ukili mmoja kwa miaka mia, na kuushona uwe mkeka ni kazi ya mwaka wa mwisho. Yeye hatakuwepo. Ukili wenyewe umeshajaza sebule. Wageni huketi jikoni.

"Nataka kuliona ua la nakshi tu," alimwambia binti yake, Raya. "Nusu iko kwa bibi yako, nusu kwangu. Nikiliona nafumua mshono."

"Mkaguzi akija?"

"Yule anajua kukalia mkeka tu."

Alivuta uzi. Nusu mbili zikakutana, lakini ua halikutokea. Nakshi ya mama ililalia kulia, yake kushoto, kama mke na mume waliolala wamenuniana.

Raya aliinama, akatazama kwa muda. "Mama, bibi alipokufundisha ulikaa wapi?"

"Mbele yake. Nikifuata vidole."

"Basi ulifuata kama kwenye kioo."

Mwanakombo aliupapasa ukili wake. Usukaji uliokwisha kupimwa na mkaguzi haufumuliwi, na wake umepimwa miaka thelathini.

"Na mimi nilipokufundisha, wewe ulikaa wapi?"

"Mbele yako," Raya alijibu polepole.

Mwanakombo alifumua mshono, akaichomeka sindano kwenye ukindu.

"Basi chako kimegeuka tena, kinalalia kulia kama cha bibi. Kesho tuvishone hivyo viwili," alisema. "Nilione hilo ua, hata kama mimi simo."