Mkaguzi Amelala

Mkaguzi alipopitiwa na usingizi, fundi alibeba kasha la kompyuta kwa mikono miwili, akalitua sakafuni karibu kabisa na godoro. Hakunyata. Kunyata kungeharibu kipimo.

Mkaguzi ni mwanawe, ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Jina hilo alipewa na bosi mwenye duka la kompyuta, siku fundi alipomweleza jinsi anavyopima kelele za makasha nyumbani.

"Masikio yangu yameshazoea feni, bosi. Nikiona kimya, huenda ni mazoea tu. Mtoto hadanganyi. Kelele ikizidi, ataamka."

Bosi alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo ndiye mfanyakazi wangu pekee anayelipwa maziwa."

Leo hakucheka. Alipoleta kasha alisimama mlangoni, hata kiti alikataa. Prodyuza wa muziki, yule anayerekodi waimbaji chumba kimoja na kompyuta yake, alikuwa amerudisha kasha la kwanza kwa sababu linanguruma. La pili akalirudisha vilevile. Yote mawili yalikuwa yamepitishwa na fundi.

"Hili ni la kifahari kuliko yote niliyowahi kuagiza," bosi alisema. "Likiwa kimya kweli, njoo karakana, nakupa ajira ya kudumu. Likirudi, mama, na wewe usirudi."

Fundi alilizunguka. Lilikuwa zuri, ukweli usemwe. Chuma kinene, kingo zimelainishwa hata hazikwaruzi kidole, kuta zimewekwa sponji kwa ndani, na mlango wa mbele wa kioo cheusi ulijifunga taratibu kama mlango wa gari la tajiri. Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Uso mzima ulikuwa umezibwa. Hewa ilipita kwenye upenyo mwembamba wa pembeni. Feni zingepumulia wapi? Akajiambia sponji itameza kelele.

Alifunga mitambo ya prodyuza ndani yake, akakaza skrubu ya mwisho, akawasha ile programu ya kuichosha kompyuta. Feni zikaanza polepole, zikapanda, zikapanda tena. Alisikia mvumo, ndiyo. Lakini masikio yake ni yaleyale. Akamtazama mtoto.

Hata kope hazikucheza.

Bahati gani kupata mtoto wa namna hii. Mama mkwe hakuchoka kumsifu: mjukuu wangu hana makuu, hata upepo ubamize mlango, yeye na usingizi wake. Kinachomwamsha ni mtu kukanyaga godoro. Na akishaamka hana shida, ilimradi amwone mama. Asipomwona ndipo hulia, hata mama amwimbie kutoka jikoni.

Fundi akaongeza mzigo hadi mwisho. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akageukia ukutani, akaendelea kulala.

Basi akaandika ujumbe: "Hili ni kimya, bosi. Mkaguzi hajatikisika."

Jibu likaja upesi. "Nalipeleka kwa prodyuza leo hii. Karibu karakana."

Alikaa chini, simu mapajani, akatabasamu peke yake. Cheti chake cha masomo ya jioni kingetoka kabatini, kipate ukuta. Yeye angetoka nyumbani asubuhi amevaa vizuri, kama watu. Na mtoto angekua akijua kwamba mama yake ni fundi anayeaminika, siyo mama anayegusagusa nyaya mezani.

Mlango ukafunguliwa. Mumewe aliingia ameziba sikio moja kwa kiganja.

"Mke wangu, umefungua mashine ya unga humu ndani? Nimeanza kuisikia kule kona ya barabara."

"Usinitanie. Mtoto amelala hapo pembeni yake."

"Sikutanii. Jirani ametoa kichwa dirishani anauliza kuna nini."

Uso wa fundi ukawaka. Akamtazama mumewe atafute mzaha machoni pake, asiuone.

"Nimeshamwambia bosi," akasema. "Nimeshamwambia ni kimya."

Akaizima mashine, akaanza kulegeza skrubu za ubavuni ili aone feni imegusa nini. Lazima kuna kitu kimelegea, alisema, kitu kidogo tu, kasha la namna hii haliwezi kuwa bovu. Akaitoa skrubu ya mwisho kwa pupa. Ubavu wa chuma ukamponyoka, ukapiga vigae kwa mshindo uliomrusha mumewe nyuma hadi ukutani.

Wote wawili wakageukia godoro, tayari kwa kilio.

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa amewapa mgongo, amekamata vidole vya mguu wake, anavichezea taratibu.

"Mkaguzi," baba akaita, nusu akicheka. Kisha akamwita kwa jina lake. Kisha akaliita tena jina hilo, kwa sauti ambayo hakuwahi kumpandishia mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Mtoto akahamia kidole kingine.