Shubiri Wakati wa Maombi

Enyi wakazi wa mtaa wa Tena na mitaa yote jirani, tulieni mkasikie uovu wa kutisha uliotendeka Jumamosi hii katika nyumba ya Wakristo wema! Mtu ametia maji ya mshubiri katika dawa ya kikohozi. Vijiko viwili. Pengine vitatu.

Hakuna aliyekufa. Lakini Nthoki, mtoto wa dada yake Mama, yuko mlangoni amekumbatia begi lake, anataka arudishwe Kitui, na haki lazima itendeke kabla hajashuka ngazi.

Chanzo ni wivu.

Kila Jumamosi Mama hupika dawa na watoto jikoni: tangawizi, kitunguu saumu, limau, majani ya mpera, na asali mwishoni, moto ukishazimwa. Mwiko ni mmoja tu. Anayeushika hukaa kwenye kigoda karibu na Mama, goti kwa goti, naye ndiye huambiwa siri zote: nani kakosana na mchungaji, nani kanisani anatarajia mtoto. Ndiye pia huonja kwanza, kwa kuwa Mama hampi mgonjwa kitu ambacho mpishi mwenyewe hajakinywa.

Zamani mwiko ulikuwa wa Nzisa, binti wa nyumba. Kisha Nthoki akaja kuishi nao. "Huyu mtoto Mungu kampa mkono," Mama akasema. Akayarudia maneno hayo Jumapili nje ya kanisa, watu wakisikia.

Hebu mfikirieni Nzisa! Anaingia jikoni, kigoda kina mwenyewe. Anawakuta wawili wale wakicheka, na akiuliza kuna nini, anajibiwa, "Si kitu. Hebu tuletee limau." Tuletee! Yeye aliyezaliwa humu, leo ni wa kutumwa limau. Alimchukia Nthoki kwa vitu vidogo: anavyovuta kamasi, anavyosema "Anti" kana kwamba neno hilo lina sukari. Zaidi ya yote, alichukia kwamba Nthoki hakuwa na ubaya wowote.

Alikuwepo pia kaka mtu, Nzivo, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Huyo tumwache. Kijana mtulivu, mcha Mungu, hana lake katika kesi hii.

Basi, dawa ya leo ilikuwa ya Mzee Mbithi, kiongozi wa kwaya, ambaye sauti imemkauka na kesho anatakiwa kuimba. Ilipoiva, Mama akasema kama kawaida, "Dawa bila maombi ni supu. Fumbeni macho."

Maombi ya Mama si mafupi. Yalianzia kwenye koo la Mzee Mbithi, yakawapitia wajane wote, yakafika Makadara kazini kwa Baba. Yalipokuwa yakiingia bungeni, mkono wa Nzisa ulinyooka taratibu hadi dirishani, ukatwaa kikombe cha maji ya mshubiri ambayo Mama huyaweka kwa ajili ya vidonda, ukayamimina kwenye sufuria, ukarudi mahali pake. Amina.

Nthoki akaonja. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka, lakini akameza.

Mama naye akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Umetia nini humu?"

"Sijui, Anti."

"Hujui? Mwiko ulikuwa mkononi mwa nani? Unataka kumuua mzee wa watu?"

Akamnyang'anya ule mwiko. Nthoki alikwenda tu kukunja nguo zake, moja moja, vizuri, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba siku hii itafika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, waheshimiwa. Nthoki hana hatia. Mwenye hatia ni Nzisa, naye astahili kunyimwa mandazi mpaka shule zifunguliwe.

"Mwongo!" Nzisa akaruka kutoka kwenye kochi. "Huo mwiko sijawahi kuushika hata siku moja! Kitunguu saumu chenyewe hunitapisha, muulizeni Mama!"

Mama akainua mkono pale sebuleni kumtuliza. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nzivo," akaniambia, "umesimulia vizuri sana, mwanangu. Ila sisi sote tulikuwa tumefumba macho. Huo mkono wewe uliuonea wapi?"

Mlangoni, Nthoki alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Haukuwa mbali, Mama," nikasema, nikiuinua wangu. "Mwambie Nthoki aweke begi chini."