Kisanduku cha Kuitia Bata Mzinga

Tangu ugonjwa wa koo ulipomnyang'anya Haidari sauti, bata mzinga wake hawakurudi tena bandani. Mkewe, Zamda, aliwaita kila jioni, nao walimtazama kama mgeni wakarudi vichakani, ambako mbweha waliwapunguza mmoja mmoja.

Haidari akaamua kuchonga kisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake kikisuguliwa ukingoni hulia kama bata mzinga jike. Alikuwa seremala wa makabati. Hakuwahi kutengeneza kitu kinachotoa mlio. Kwa mazoea alikipiga msasa mpaka kikateleza, akakipaka na vanishi. Alipokisugua, kikakaa kimya kama yeye.

"Kinapendeza, mume wangu," Zamda alisema. "Nipe basi niwekee pini zangu."

Haidari hakucheka. Zamda alipoingia jikoni, mumewe alichukua kigae cha chupa, akakwangua vanishi yote, akapaka chaki, akasugua tena. Kisanduku kikakohoa, kisha kikatoa mlio mkavu uliosikika mpaka barabarani.

"Abee!" Zamda akaitika, kama alivyokuwa akiitika zamani, akatoka mbio na mikono yenye unga. "Umeniita?"

Haidari alitaka kutikisa kichwa kukataa. Kule vichakani shingo moja iliinuka juu ya majani, halafu nyingine. Alimtazama mkewe, aliyesimama mlangoni akingoja jibu, akakisugua kifuniko mara nyingine, polepole.