Ngoma Iliyoanikwa Juani

Ngoma ilipasuka saa nane mchana, Juni 2006, nyuma ya ukumbi wa maonyesho huko Bur Dubai.

Elisante, kibarua wa ukumbi, aliiokota. Ngozi, ya kulungu wa nchi za barafu, ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi ukingo. Aliikuta imelegea akaitoa juani ikaze, kwa sababu kwao ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa.

"Umeianika kama dagaa, kaka," alisema mlinzi, Mganda.

"Ilikuwa imelegea."

"Na msimamizi alikwambiaje juzi?"

"Kosa moja tena, khalas, kazi imekwisha, narudi Moshi."

Mlinzi aliacha kutabasamu.

Mlango ulifunguliwa. Akatoka mwenye ngoma, mzee wa jamii ya Inuiti, watu wa barafuni kaskazini ya Kanada, aliyeachiwa ngoma hiyo na baba yake. Zilibaki dakika kumi apande jukwaani. Alibeba bakuli la maji lililojaa pomoni, akatembea polepole, macho kwenye maji yasimwagike, ngoma hajaitazama bado.

"Hulegea yenyewe safarini," alisema kwa Kiingereza. "Naipaka maji, kisha naizungusha kwenye hewa baridi. Kamwe haikai juani. Nishikie ngoma, kijana, niilowanishe."