Miguu ya Mjukuu

Homa ya dengi ilipomshuka mwanawe asubuhi ile, Nhàn alicheka mwenyewe wodini, akaanza kukoroga uji wa mchele.

Mama mkwe hakucheka. Alifunua shuka, akaipapasa miguu ya mjukuu, akabonyeza kidole gumba cha mguu mmoja mpaka ukucha ukawa mweupe. Akangoja damu irudi.

Ilikawia.

"We Nhàn, muite daktari! Ubaridi huu si wa kupona!"

Daktari alikuja mbio, akafungulia dripu. "Mmewahi. Wengi homa ikishuka hudhani yamekwisha, kumbe hatari ndiyo inaanza."

Nhàn akamtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Si ndiye huyu aliyemfukuza nesi jana, alipoomba damu ya familia nzima wachunguze kwa nini dengi huwaangusha watoto wa ukoo huu na kuwapitia mbali wa ukoo ule?

"Kwetu hajaanguka mtu kwa mbu," alifoka jana hiyo, akimsonta Nhàn. "Kapimeni kwao huyu!"

Basi mambo ya kucha kajifunzia wapi?

Nhàn akaikumbuka picha ya binti mdogo kwenye meza ya mababu nyumbani, anayewekewa wali na ubani kila mwaka. Wifi yake huyo, aliambiwa, alizama mferejini.

"Mama," akauliza polepole, "wifi yangu alizama kweli?"

Mama mkwe akamwita nesi, aliyekuwa kitanda cha pili na sindano zake. Mkono mmoja haukuiachia miguu ya mjukuu. Wa pili akamnyooshea nesi, autoe damu.