Vitambaa vya Jemadari Kiboko

Jemadari Kiboko, mkuu wa jeshi la majini, alitangaza kwamba meli yake imeachana na dizeli, sasa inatumia jua. Paneli zilipofungwa tu, akazitandikia vitambaa vya kufuma kama makochi ya nyumbani kwake.

“Afande, hazitapata jua,” akasema Kasa, fundi wake.

“Unataka zipauke hata mwezi haujaisha?”

Betri zikaisha katikati ya bahari. Mamba, maadui zao, wakapanda melini na mapanga, lakini walipoona vitambaa wakavua buti, wakaketi kungoja chai. Huku nyuma Kasa akanyonya dizeli kutoka meli yao, na wageni walipoaga, akawasha injini ya zamani, meli ya Kiboko ikarudi nyumbani.

Kiboko akaandika ripoti: “Jua limetupeleka vitani na kuturudisha. Paneli bado mpya.”

Kasa akaitia sahihi kwa mkono unaonuka dizeli.