Doti ya Mjapani

Mektilda alipoigeuza ile khanga, aliuona muhuri wa Japani kwenye pindo. Akaiachia kama aliyeshika kaa la moto.

Miaka saba sasa tangu mumewe aachwe kaburini Burma, askari wa Mwingereza aliyeuawa na Mjapani. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha Mjapani kilichovuka kizingiti chake, wala kaniki nyeusi haijamtoka mwilini. Lakini bintiye anaolewa Jumamosi, na katika Kariakoo nzima ameipenda hii tu.

“Mama, hayo yamekwisha,” muuzaji alisema, akigonga gazeti kwa kidole. “Mmarekani na Mjapani wametia saini walindane, wamkabili Mrusi. Mwingereza naye karidhia.”

“Mrusi si alikuwa upande wa Mwingereza vitani?”

“Alikuwa.”

Mektilda aliegemea kaunta. Miguu ilimwaka moto kwa kuzunguka maduka tangu asubuhi. Akaipapasa tena ile khanga, ngumu kidogo, bado ina wanga wa kiwandani.

“Walipopatana, mbona hakuna aliyekuja kuniambia?”

Muuzaji akalikunja gazeti.

“Haya. Kama wenyewe wamechoka kumchukia Mjapani, na mimi nimechoka. Nifungie doti mbili, moja yangu.”